Moto wa Mghoi

"Funga mlango, usifunge moto." Mmeisikia leo baada ya ibada, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani ndui iliingia kijiji cha ng'ambo ya bonde letu. Kule watu waliendelea kutembeleana wakisema Mungu atalinda, na kila siku tulisikia kilio kipya. Jumbe wetu, Mwakio, aliogopa. Akaamuru kila mtu akae ndani siku ishirini na moja, akaweka walinzi wenye fimbo njiani. Wengine walinung'unika kwamba ingetosha kuacha ngoma na kupeana mikono. Hakuwasikiliza.

Siku hizo hapakuwa na kiberiti. Moto ukizimika, mwanamke alichukua kigae akaenda kuomba makaa kwa jirani. Ilikuwa kazi ya wanawake. Jumbe hakuwahi kuomba moto maishani mwake, na alipotoa amri hakuukumbuka.

Kila asubuhi alizunguka akitazama mapaa, hatulii. Siku ya sita, katika ukungu na manyunyu, paa moja halikutoa moshi. Mama mwenye nyumba, Mghoi, alikuwa amesimama mlangoni, kitoto chake cha wiki mbili kifuani.

"Rudi ndani, mama," Jumbe alisema kwa mbali.

"Moto umezimika tangu jana, baba. Walinzi wako wamenirudisha mara mbili."

"Ng'ambo wamezika watu arobaini. Nikikuruhusu wewe, nitamzuia nani?"

"Ndui haijafika kwangu. Baridi imeshafika. Miguu ya mtoto imekuwa kama mawe ya mtoni." Akamfunika mtoto vizuri. "Funga mlango, Jumbe, sikukatazi. Lakini usifunge moto."

Jumbe alisimama, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali. Kisha akaenda kwake, akarudi amebeba kigae cha makaa, na walinzi wakaficha vicheko. Akakiweka juu ya jiwe la mpaka wa kiwanja cha Mghoi, akarudi nyuma hatua ishirini. Mghoi akaja kukichukua.

Jumbe hakuondoka. Alinyeshewa palepale, macho juu ya paa, mpaka moshi ukatoka, na baadaye kidogo mtoto akalia.

Amri haikuondolewa. Ila tangu siku hiyo kila jiwe la mpaka liliwekewa makaa asubuhi. Ndui iliingia nyumba mbili, tukazika watatu, Mungu awarehemu.

Wakubwa watabishana tena, hawa wafunge, wale walegeze. Kabla hamjachagua upande, litafuteni kwanza paa lisilo na moshi. Funga mlango, usifunge moto.