Darasa la Utulivu Uani kwa Nyati

Hapo zamani za kale, kabla hajazaliwa huyo anayemfinya mwenzake pale nyuma, na ninamwona, wanyama waliishi majumbani kama sisi. Walifagia nyua zao, walikopeshana chumvi, waligombana na majirani na kupatana. Na walikuwa na sheria moja waliyoiheshimu kuliko zote, sheria ya hodi.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Huingii ua wa mtu mpaka ubishe hodi, na ukishabisha hodi huingii mpaka uambiwe karibu. Lakini ukiambiwa karibu, basi, wewe ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Anapewa maji kwanza, maneno baadaye. Aliyemfukuza mgeni wake alitengwa na nchi nzima, akifiwa azike peke yake, akiozesha mwana ale pilau yake peke yake.

Mwaka huo jua likawaka, likawaka, mto ukabaki mchanga mtupu. Kisima chenye maji kikawa kimoja tu, nacho kilikuwa katikati ya ua wa Nyati, ndani ya uzio wa miiba.

Nyati mnamjua? Mapembe hivi, shingo hivi, na hasira isiyolala. Ukipita njia anakuuliza kwa nini umepita, ukisimama anakuuliza kwa nini umesimama.

Digidigi akaenda na kibuyu chake.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Ya Digidigi, bwana mkubwa. Shikamoo."

"Shikamoo yako irudishe kwenu. Hapa hakuna karibu."

Kwato zikapiga chini, puu, puu, puu. Digidigi akatimua mbio, kibuyu kinamgonga mgongoni, ko-ko-ko, mpaka kwake. Hata Tembo, na ukubwa wake wote, alirudi na ndoo tupu, maana sheria ni sheria.

Sasa, jirani wa pili wa Nyati alikuwa Nguchiro. Mama mdogo wa umbo, mrefu wa akili, na miguu isiyokaa mahali pamoja. Alikula huku anatembea, aliota jua huku anachungulia. Alikuwa na watoto kadhaa, na yule wa mwisho alikuwa ameacha kulia. Mtoto anayelia anatuchosha, wanangu, lakini mtoto mwenye kiu akiacha kulia, hapo mama yake anaingiwa na hofu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nguchiro akamtazama, roho ikamuuma, akasema, "Leo maji yataingia nyumba hii. Sijui kwa njia gani, lakini yataingia."

Akaenda mpaka kwenye uzio wa Nyati. Hodi hakubisha. Alikaa chini nje ya uzio, akakunja miguu, akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi na kuitoa. Hhhuuu. Hhhuuu.

Nyati akaja mbio, vumbi linaruka.

"Wewe, kitu gani hicho unafanya kwenye uzio wangu?"

Hhhuuu.

"Nakuuliza wewe, Nguchiro."

Nguchiro akafumbua jicho moja taratibu. "Ah, Bwana Nyati. Samahani, nilikuwa mbali. Nilikuwa nimetulia."

"Umetulia? Na kiangazi hiki?"

"Kiangazi kiko nje, bwana. Mimi niko ndani. Nalala fofofo, nikiamka kichwa chepesi. Wewe unalalaje?"

Nyati akatazama huku, akatazama kule, kuona kama hakuna anayesikia, kisha akainamisha pembe karibu na uzio. "Silali," akasema kwa sauti ya chini. "Nikifumba macho naona wanaiba maji. Chakula hakipiti. Kichwa kinanigonga ngo-ngo-ngo tangu asubuhi. Juzi nimegombana na inzi."

"Nani alishinda?"

"Inzi."

Nguchiro alitaka kucheka, akaking'ata kicheko. "Pole sana, bwana. Dawa ipo, lakini haitaki watu wa haraka."

"Nani mtu wa haraka? Nifundishe. Nifundishe sasa hivi."

"Basi keti. Fumba macho. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Mawazo yakija usiyapige pembe, yaache yapite yaende zao. Na jambo kubwa, lisikilize vizuri. Utulivu una adabu kuliko sisi sote. Hauingii kwa mtu bila hodi. Ukisikia hodi, usifumbue macho, ukifumbua tu, utulivu umekimbia. Sema karibu, kwa upole, kisha endelea kupumua."

"Mimi niseme karibu?" Nyati akatoa macho. "Sijawahi."

"Ndiyo maana hulali."

Nyati akaketi. Ardhi ikatikisika. Akafumba macho, akapumua kwa mapua yale makubwa, majani ya uzio yakalala upande mmoja.

"Tayari nimetulia?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bwana Nyati, aliyetulia haulizi."

"Pua inaniwasha."

"Iache iwashe. Itachoka."

Nyati akakaza uso, sikio likicheza, mkia ukicheza, mpaka kimoja kimoja vikaacha kucheza. Nguchiro akangoja kidogo. Kisha akanyata, nya, nya, nya, mpaka langoni, akaigeuza sauti yake ikawa nyororo kabisa, akasema, "Hodi."

Moyo ulimdunda mpaka akahofu Nyati atausikia.

"Ka..." akasema Nyati. Akameza mate, akajaribu tena. "Ka-ri-bu."

Nguchiro hakungoja. Alirukia ndani, akashika kamba, akateremsha ndoo. Chubwi! Akavuta, akajaza kibuyu, gudu-gudu-gudu.

"Mwalimu," akaita Nyati, macho bado kayafumba, "nasikia maji."

Nguchiro akajibu haraka, "Hayo ni moyo wako unaoshwa, bwana. Una vumbi la miaka. Pumua tu."

"Kumbe," akasema Nyati, akapumua.

Siku hiyo mtoto wa Nguchiro alikunywa, akakohoa, akakunywa tena, halafu akaanza kulia kwa sauti kubwa. Mama yake alifurahia kilio kile hata akacheza ngoma peke yake sebuleni.

Habari ya maji haifichiki. Kesho yake Digidigi akaja kuuliza, kesho kutwa Tembo, na haikupita muda kukawa na foleni kila asubuhi nje ya lango la Nyati, foleni ya kimya, kila mtu na chombo chake. Nguchiro anamketisha Nyati, anamvutisha pumzi, kisha anapunga mkono. Wa kwanza anasema hodi, Nyati anasema karibu. Chubwi, gudu-gudu, huyoo anatoka. Wa pili hodi, karibu. Tembo alijitahidi kubana sauti, lakini sauti ya Tembo haibaniki.

"Utulivu wa leo una mafua," Nyati akasema.

"Kuna baridi huko utokako," akasema Nguchiro, naye Tembo akajiziba mkonga asiharibu mambo.

Sasa sikilizeni maajabu. Nyati akaanza kunenepa. Akalala, tena akakoroma, mtaa mzima ukamsikia na kushukuru. Kichwa kiliacha kumgonga. Inzi akitua puani alimtazama tu, mpaka inzi akaona haya akaondoka. Siku moja mtoto wa jirani alipita akamwamkia, naye akaitikia marahaba, na yule mtoto akaanguka kwa mshangao.

Nguchiro, yeye, alicheka mpaka mbavu zikamuuma. "Ananiita mwalimu," aliwaambia wenzake. "Mimi, ambaye sijawahi kufumba macho yote mawili nikiwa macho. Maneno yale yote niliyatunga palepale penye uzio."

Wakacheka wote. Na wangeendelea kucheka mpaka mvua inyeshe, kama si Ngiri.

Ngiri alikuwa mtu wa pupa. Foleni ilimchosha, na asubuhi hiyo ilikuwa ndefu. "Hodi, karibu, hodi, karibu, kwani tunaposa?" akanung'unika. Akawapita wenzake wote, akaingia langoni bila kusema neno. Hodi hakubisha, karibu hakuambiwa. Akaidaka ndoo kwa pembe zake zile zilizopinda, akaegemea ukingo wa kisima, akainama, akainama zaidi.

Puuuu! Chubwiii!

"Nakufa jamani! Nakufa!"

Foleni ikavunjika, wote wakamiminikia ndani ya lango kuona. Vibuyu vikagongana, ndoo zikaanguka, kila mtu akajificha nyuma ya kichaka kilichokuwa karibu. Nyati akatikisa sikio.

"Mwalimu, nasikia kelele."

Nguchiro akafungua mdomo aseme kwamba moyo leo unaoshwa sana. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Ndani ya kisima Ngiri alikuwa anabubujika, bulu-bulu-bulu, sauti inazidi kudhoofika. Nguchiro alijua vizuri, Nyati akifumbua macho, maji yamekwisha, na mtoto wake atarudi kwenye ule ukimya wake. Asipofumbua, Ngiri amekwisha. Na kumvuta Ngiri kwa mikono ile ya Nguchiro, thubutu.

"Fumbua macho, Bwana Nyati!" akapiga kelele. "Mtu amezama kisimani. Fumbua!"

Nyati akafumbua. Akasimama, akafika kisimani kwa hatua chache, akaizungusha kamba kwenye pembe zake, akarudi nyuma, hima, hima, kamba inalia kriii, na Ngiri akatoka akining'inia ndooni, anatema maji na kupiga chafya.

Ndipo Nyati akageuka. Akaona lango lililo wazi. Akaona vibuyu vilivyotapakaa uani mwake, tope la nyayo za kila aina kuzunguka kisima chake, na nyuma ya kila kichaka mkia wa mtu. Mapua yakamvimba. Kwato ikakwaruza chini, kwaruu.

"Nguchiro. Utulivu ulikuwa unabisha hodi?"

Nguchiro hakukimbia. "Hapana, bwana. Tulikuwa sisi. Mtoto wangu alikuwa anakufa kwa kiu, nikakudanganya. Hakuna utulivu unaobisha hodi."

"Na usingizi wangu? Nao uongo?"

Hilo Nguchiro alikuwa hajalifikiri. Akalifikiri sasa, akashangaa mwenyewe. "Usingizi wako ni wa kweli, bwana."

"Na kichwa changu?"

"Kimepona kweli. Mimi sijui kimeponaje. Nilifundisha nisichokijua."

Nyati akasema bila kupaza sauti, "Karibu yangu niliupa utulivu, si ninyi. Tokeni. Wote. Na lango mlifunge."

Wakatoka. Ngiri anachechemea, Tembo ameinamisha mkonga, Digidigi anafuta machozi. Lango likafungwa. Wengine wakashika njia wakarudi kwao wakilaumiana, huyu anamlaumu Ngiri, yule anamlaumu Nguchiro kwa kusema ukweli mapema.

Nguchiro peke yake hakuondoka. Kibuyu chake kilikuwa kitupu na nyumbani watoto walijua ameenda kuleta maji. Akatafuta ujanja mwingine. Akageuza huku, akageuza kule, kila ujanja alioupata aliuona mdogo. Mwishoni, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka na hakuwa na la kufanya, akakaa chini mbele ya lango na kufumba macho, yote mawili. Akavuta pumzi. Hofu ikaja, hakuipiga. Ikakaa naye kidogo. Hakujua ilipoondoka.

Akasimama akagonga. Sauti hakuigeuza.

"Hodi, Bwana Nyati. Ni mimi Nguchiro. Nina mtoto mwenye kiu na kibuyu kitupu. Huko majumbani kuna wenzangu wengi, nao wana kiu vilevile."

Kutoka ndani ya uzio ikasikika pumzi ndefu ikiingia, na pumzi ndefu ikitoka. Hhhuuu. Majani yakalala upande mmoja. Nguchiro akashika kibuyu chake kwa mikono miwili.

"Karibu," ikasema sauti.

Nguchiro akasukuma lango. Nyati alikuwa amesimama kando ya kisima, kamba ameishika tayari, na macho yake makubwa yalikuwa wazi kabisa, yanamtazama.

"Waite na hao wenzako," akasema. "Wabishe hodi mmoja mmoja. Nataka kuwaona nikiwakaribisha."

Basi hadithi yangu nimeitua hapo kisimani, mwenye kiu akanywe, na neno lake ni hili: utulivu wa kweli ni wa yule anayefumbua macho, akaona yote, na bado akasema karibu.