Kisima cha Chini ya Kitanda cha Mtemi

Hapo zamani, milima imeshazeeka na watu bado wajinga kidogo, kijiji cha Mkunde kilikaukiwa na maji. Aliyeumia zaidi ni Nakijwa mfinyanzi. Mama yake alikuwa hoi kitandani, akiomba maji ambayo hayakuwepo.

Mtemi akatangaza kwamba mlima ulio juu ya kijiji ni mgongo wa ng'ombe aliyelala, basi waimbe mpaka aamke akojoe. Wakaimba siku tatu. Ng'ombe hakukojoa.

Siku ya nne Senzota, mchunga mbuzi, akashuka kutoka kileleni na jiwe lenye kombe, gamba la chaza, ndani yake. "Jamani, juu kule kuna makombe ya bahari! Na kwenye genge la mlima mawe yamelala tabaka juu ya tabaka, mchanga, udongo, chokaa, tena yamejikunja!"

"Umekunywa nini wewe?" wakamcheka.

Nakijwa hakucheka. Alitandika nguo tatu, moja juu ya nyingine, akazisukuma kutoka pande mbili. Hapa zikainuka, pale zikabonyea.

"Hii ilikuwa sakafu ya bahari," akasema. "Nchi mbili zikasukumana kama mashemeji kwenye mkeka mmoja, sakafu ikajikunja. Na udongo wa kufinyangia haupitishi maji, hilo mimi nalijua. Sisi tunachimba kwenye nundu, maji yamekaa kwenye bonde la mkunjo."

Yeye na Senzota wakaufuata mstari wa udongo huo kutoka gengeni, wakapima kwa kamba. Bonde likaangukia chini ya kitanda cha mtemi.

Kutia jembe nyumbani kwa mtemi adhabu yake ilikuwa kifo. Nakijwa akaogopa, akarudi nyuma. Senzota akawakumbuka mbuzi wake ghafla. Ndipo akaja Kabughe mchimba makaburi, asiyejua tabaka wala tambi. "Nimezika wengi, nami nitazikwa. Nipisheni." Akamtoa mtemi kitandani na shuka lake, akachimba.

Maji yakatoka! Lakini kila asubuhi ni mtungi mmoja safi, mengine tope. Mtemi, kwa aibu, akasamehe, akasema mtungi ule ni wa aliyeyaleta maji, na kwa mila ya Mkunde zawadi ya mtemi haigawanywi.

"Bila kombe langu mngekuwa bado mnaimba," akasema Senzota. "Na watoto wangu wana kiu."

"Maneno hayanywewi," akasema Kabughe. "Shingo niliyoiweka rehani ni yangu."

Nakijwa akashika mdomo wa mtungi. "Kombe halikuonyesha mahali, na jembe peke yake lingefukua vumbi. Mahali nilipajua mimi. Mama yangu hafiki kesho."

"Kitanda kilikuwa changu," mtemi akanong'ona.

Haya, ninyi mliokunywa mkashiba, mama anaita na mikono mitatu iko kwenye mtungi. Je, nani aubebe?