Binti Aliyesoma Picha

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na binti mmoja tu, na mwaka wa njaa binti huyo alirudi likizo akiwa na kitabu.

Mtu huyo aliitwa Mbonea. Alikuwa mkulima, na mkewe alikuwa amefariki. Binti aliitwa Nankondo, mwenye miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Kitabu kilikuwa cha shule. Mwalimu Kiangi, aliyekuwa na watoto tisini katika chumba kimoja, aliwagawia vitabu siku ya kufunga, akawaagiza kwamba kila siku ya likizo mwanafunzi asome kurasa tatu kwa sauti mbele ya mkubwa wa nyumbani, na mkubwa huyo atie sahihi kwenye karatasi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Kilikuwa kitabu cha mazao na vyakula, namna ya kupanda, kuhifadhi na kupika, na karibu kila ukurasa ulikuwa na picha.

Mbonea hakujua kusoma. Alikuwa amelificha jambo hilo maisha yake yote. Kwenye mikutano ya kijiji alishika karatasi kama wengine, na wengine walipotikisa vichwa naye alitikisa. Nankondo alilijua. Lakini Nankondo naye alikuwa na lake ambalo halikujulikana na mtu yeyote: yeye pia hakujua kusoma. Herufi alizijua. Maneno mafupi aliweza kuyaunganisha kwa taabu, na maneno marefu yalimshinda kabisa. Darasani watoto tisini waliitikia kwa pamoja, naye aliitikia nao, sauti yake ikapotea ndani ya sauti zao. Kwenye mtihani alitazama karatasi ya jirani. Hivyo alipanda darasa baada ya darasa, na kila alipopanda hofu yake ilizidi, kwa maana aibu ya kusema mwaka huu ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kusema mwaka uliopita.

Alasiri ya kwanza Mbonea aliwapa ng'ombe majani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaketi kwenye kigoda.

"Haya, mama, soma," alimwambia binti yake.

Nankondo alifungua. Mstari wa kwanza ulianza na neno refu, na jasho likamtoka. Akatazama picha. Mwanamke alikuwa anapanda maharage. Basi akaweka kidole kwenye maandishi, akaanza kusema juu ya mwanamke anayepanda maharage, jinsi anavyochimba, jinsi anavyofukia, na maneno yakaja yenyewe. Baba yake alimsikiliza kama mtu anayesikiliza barua kutoka kwa ndugu wa mbali. Alipomaliza, Mbonea alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa heshima kubwa.

Ikawa hivyo kila siku. Wiki ya pili Mbonea alianza kusema dukani na kwenye mfereji wa maji, "Kitabu cha mwanangu kinasema hivi." Siku moja Nankondo alisoma kwamba majivu huzuia wadudu kwenye maharage. Hakulisoma popote; alikuwa amemwona marehemu mama yake akifanya hivyo. Majirani walijaribu, wadudu wakapungua, na tangu siku hiyo wakaanza kuja kusikiliza. Walikaa chini uani, wengine na watoto mgongoni. Nankondo alipoziona nyuso zile aliogopa, lakini ulimi wake ulizidi kuwa mwepesi. Hofu ndiyo iliyomfundisha kusema bila kukwama. Mara moja moja alimwona baba yake akikitazama kidole chake, kisha mdomo wake, kisha kidole tena. Alingoja aulizwe. Hakuulizwa.

Mahindi ya kijiji kile yalikauka kabla ya kuchanua. Lakini Mbonea alikuwa na shamba dogo la mihogo aliyoipanda mwaka uliotangulia, kwa mbegu aliyopewa na msafiri mmoja kutoka mabondeni. Mihogo ile ilisimama kijani katikati ya jua. Nyani walipita kando yake. Nguruwe wa porini walichimba shamba la jirani wakaiacha hiyo. Kijiji kizima hakikuwa na chakula kingine kilichobaki ardhini, na asubuhi ya kuing'oa watu wa nyumba saba walikuja na vikapu.

Alikuwapo Nakiete, dada mkubwa wa Mbonea, ambaye nyumba yake ilitazamana na yao. Njaa ilikuwa imemkondesha mpaka vitenge vilimzunguka mara mbili. Alivunja kipande, akakigusa kwa ulimi, akatema.

"Ni michungu," alisema. "Na nyani hawaigusi. Mdogo wangu, mimi naogopa."

"Hatuna haja ya kubahatisha, dada," Mbonea alimjibu. "Kitabu kina sura ya mihogo. Picha yake nimeiona kwa macho yangu."

Wakamwita Nankondo. Alikuja na kitabu, akafungua mahali penye picha. Mwanamke alikuwa ameinama juu ya beseni lililojaa maji na mihogo iliyomenywa. Pembeni palikuwa na mkeka, na mbele kidogo chungu kwenye mafiga. Juu ya picha palikuwa na maneno yaliyozungushiwa mstari mweusi mnene, marefu, yamebanana. Akayatazama, na hayakumwambia kitu.

Kulikuwa na mtoto mmoja mgongoni aliyekuwa analia, naye akanyamazishwa. Ndugu zangu, hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno moja, sijui, na lingetosha. Lakini aliona macho ya wale watu, aliona jinsi baba yake alivyosimama wima katikati yao, na moyo ukamkimbia.

"Kimesema inaliwa?" Mbonea aliuliza.

"Kimesema inamenywa, inaoshwa vizuri, inapikwa, inaliwa."

Watu wakapumua. Wakagawana mihogo palepale shambani, na kila mmoja akaenda kwake kuwasha moto.

Nankondo hakuingia jikoni. Alizunguka nyuma ya zizi, akakaa chini, akakifungua kitabu peke yake. Siku zote alikuwa amesema uongo juu ya mambo yasiyoweza kumdhuru mtu, lakini sasa neno la shangazi yake lilikuwa limemwingia na halitoki. Mimi naogopa. Basi kwa mara ya kwanza tangu kitabu kije nyumbani, aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza kusoma kweli.

Mi. Ho. Go. Neno la pili alilianza likamponyoka, akalianza upya. Mi-chu-ngu. Aliinua macho akaona moshi ukitoka jikoni kwao. Akarudi kwenye mstari. Neno lililofuata lilikuwa refu, akaliruka, akaogopa kuliruka, akalirudia. Ha-i-pi-kwi. Akalisema kwa sauti na bado hakuamini kama amelisema sawa. Alipoinua macho tena moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba nne. Mstari ukampotea, na alipoupata hakujua kama ni uleule. I-lo-we. I-lo-we-kwe. Akalijaribu mara tatu. Baada yake yalikuja maneno mawili madogo, siku nne, na hayo aliyasoma mara moja, akashangaa: mihogo gani inakaa kwenye maji siku nne? Sasa moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba zote saba, na harufu ya mihogo inayoiva ilikuwa imefika zizini. Akateremka mpaka mstari wa mwisho ndani ya ule mzunguko mweusi. Mwisho kabisa palikuwa na neno fupi la herufi nne. Hilo halikumpa taabu yoyote.

Sumu.

Alikimbia. Alimkuta baba yake uani ananawa mikono, sahani tupu iko miguuni pake.

"Njoo ule, mama, nimekubakizia," alimwambia.

Nankondo aliipiga teke sufuria ikamwagika. "Baba, nilidanganya! Sijui kusoma! Imeandikwa ilowekwe siku nne, imeandikwa sumu!"

Mbonea alimtazama tu. Naye Nankondo hakungoja, akatoka mbio kwenda kwa majirani.

Hapa ndipo penye kutisha, ndugu zangu. Mama Eliapenda, jirani wa upande wa juu, aliuona uso wa yule mtoto, akawapokonya wanawe sahani. Lakini nyumba ya pili mwenye nyumba alikasirika. "Asubuhi kitabu kimesema hivi, sasa kinasema vile? Baba yako amejuta kutugawia, si ndiyo?" Akaendelea kula mbele yake. Nyumba ya tatu walimcheka. Uongo wake aliusema mara moja, kwa sauti tulivu, nyumba saba zikauamini. Ukweli aliusema mara saba akilia, na walioamini hawakufika nusu.

Alimkuta shangazi yake ameketi mkekani, ameegemea ukuta, amemaliza.

"Shangazi, tapika! Nakuomba, tapika!"

Nakiete alimshika mkono. "Tulia, mwanangu. Ulisoma vizuri. Ukitia chumvi uchungu unapungua." Tumbo lake lilikuwa limeshiba kwa mara ya kwanza katika majuma mengi, naye alikuwa anatabasamu.

Haikupita saa moja kabla Mbonea hajaanza kutapika na kushika kichwa. Magoti yakamlegea. Katika nyumba nyingine watu watatu walianguka, na Nakiete naye akaanguka. Wanaume ambao hawakuwa wamekula walikata miti, wakafunga machela kwa mablanketi, wakaanza kuteremka kuelekea zahanati, mwendo wa saa mbili. Nankondo alikimbia kando ya machela ya shangazi yake, ameushika mkono unaoning'inia. Alisikia pumzi ikivutwa kwa nguvu, kisha ikivutwa polepole, kisha akawa anasubiri pumzi nyingine. Wabebaji walisimama pale mfereji unapokata njia. Jua lilikuwa bado halijazama. Wakamlaza Nakiete kwenye majani, wakavua kofia, na wale wengine waliobeba wagonjwa wakapita bila kusimama, kwa kuwa walikuwa wamebeba watu ambao bado walikuwa hai.

Mbonea na wale watatu walipona. Walirudi siku ya pili, wakichechemea, kuja kuzika.

Msibani hakuna aliyempiga Nankondo, wala aliyemtukana. Watu walimpisha tu. Alipoingia mahali, mazungumzo yalikatika, na akina mama waliwavuta watoto wao karibu na magoti. Wengine walisema kwa chini kwamba kitabu kile kina mkosi na kichomwe moto. Mzee mmoja alisema atawatoa wajukuu wake shule. Nankondo alikaa nyuma ya nyumba, hali, halali, akiwa na hakika kwamba siku itakuja watu watakapokubaliana la kumfanya.

Siku ya tatu, matanga yalipoondolewa, Mbonea alisimama mbele ya watu. Mwalimu Kiangi alikuwapo, amekuja kwa miguu kutoka shuleni. Mbonea alikuwa bado hana nguvu, akashika nguzo ya baraza.

"Mimi sijui kusoma," alisema.

Watu walitazamana. Akaendelea. "Nilikiona kidole cha mtoto huyu. Kilikuwa hakiendi sawasawa na mdomo wake. Tangu siku ya kwanza nilikiona. Sikumuuliza, maana ningemuuliza, angeniambia nisome mwenyewe. Dada yangu hakuuawa na kitabu. Nankondo, mama, njoo."

Nankondo alitoka nyuma ya nyumba. Baba yake alimpa kitabu, kimefunguliwa penye ule mzunguko mweusi, akamwambia asome yote, mbele ya wote, na asiseme neno ambalo halipo.

Alisoma. Ilichukua muda mrefu sana. Alikwama, akarudi, akakosea, akalia, akafuta uso kwa kiganja, akaendelea. Mihogo michungu haipikwi mibichi. Imenywe, ilowekwe siku nne, maji yake yamwagwe. Ianikwe juani ikauke, ndipo isagwe unga. Asiyefanya hivi anakula sumu. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyekohoa. Baadhi ya watu wazima midomo yao ilikuwa inacheza, wakiunganisha naye silabi kwa silabi, na ndipo ikajulikana ni wangapi katika kijiji kile waliokuwa wameshika karatasi na kutikisa vichwa. Mwalimu Kiangi aliinamisha uso. Alikuwa amemfundisha yule mtoto miaka miwili, na siku ile ndipo alipoisikia sauti yake peke yake kwa mara ya kwanza.

Mtasema binti alikosa, na kweli alikosa, na kaburi lipo. Lakini nawauliza ninyi mliokaa hapa, wazazi, walimu na wazee wa kanisa: mtoto akija kwako leo na kukuambia hajui, atakutana na uso gani?