Nani Aliyekula Msitu wa Kilimani?

Paukwa!

Pakawa!

Hee, nyie wa huko nyuma mmeitika kama watu wenye la kuficha. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni niwaone nyuso. Hadithi hii ina mwizi, na siku hizi mimi simwamini mtu.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na mji chini ya kilima kipara. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kilimani yakaingia majumbani. Yakachukua sufuria, yakachukua magodoro, yakachukua na kuku. Wenyeji wakasema, "Tupande msitu kilimani uyazuie maji." Wakaunda kamati ya msitu, na mwenyekiti akawa Bwana Kirobo, mtu wa kofia na maneno matamu.

Mwaka wa kwanza wakaalika wageni, wakapanda miche kwa ngoma na pilau. Ikakauka. Mwaka wa pili wakapanda kwa ngoma na pilau. Ikakauka. Mwaka wa tatu, ngoma ileile, pilau ileile, na miche ikakauka vilevile.

"Kuna anayeila," akasema Bwana Kirobo.

Basi watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Kuku akashukiwa, punda akashukiwa, hata bibi mmoja mchuma mchicha akafunuliwa chungu chake. Mwisho macho yote yakamwangukia Mbuzi, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa mji huohuo.

"Nimemwona kilimani," akasema Bi Semeni, ambaye nyumba yake ndiyo iliyotangulia kuingiwa na maji. "Hata ndevu zake sizipendi."

"Nilikwenda kutazama tu, dada yangu," akasema Mbuzi.

"Mbuzi anatazama majani!" Watu wakacheka, kicheko kibaya.

Bwana Kirobo akatoa hukumu: Mbuzi na wanawe wahame kabla jua halijazama. Nje ya mji kulikuwa na Chui, na hakuna asiyejua.

"Chimbeni muone!" akalia Mbuzi. "Mche nilioula mimi ungebaki kijiti. Hii imekauka na majani yake yote. Chimbeni muone!"

"Anatupotezea muda huyu," akasema Kirobo upesi. Upesi ule ndio uliomponza. Bi Semeni, tangu magodoro yake yaende na maji, alikuwa haamini hata kivuli chake. Akamgeukia mwenyekiti, akamtazama kofia hadi viatu.

"Chimbeni muone!" akasema Mbuzi mara ya tatu.

Bi Semeni akachukua jembe, akapanda kilima, watu nyuma yake. Akachimba mche wa kwanza. Ukatoka na kiriba chake, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni, mizizi imejikunja humo ndani ikikosa pa kutokea. Akachimba wa pili: kiriba. Wa tatu: kiriba.

"Ni haraka tu," akasema Kirobo. "Wageni walivaa nguo nyeupe, hatukutaka wachafuke."

"Haraka ya miaka mitatu?" akauliza Bi Semeni. "Au msitu ukiota, pilau inakwisha?"

Kirobo akakohoa, akavuta kofia yake hadi machoni. Nami sitamjibia, ila nina yangu moyoni.

Mbuzi akabaki mjini. Je, mnadhani kamati ilivunjwa? Thubutu! Kirobo aliomba radhi kwa sauti nzuri, watu wakampigia makofi, na mwaka uliofuata akaandaa ngoma na pilau tena. Lakini safari hii Mbuzi aliiwahi miche kabla ya wageni. Akaivua viriba kwa meno, akavitafuna, akavimeza, Kirobo asije akaviokota akaivisha miche tena. Msitu ukaota. Maji yakakoma kuingia kwa Bi Semeni.

Ndiyo maana hadi leo mbuzi wa mjini hula nailoni. Watu humtupia mawe, wakisema hana akili. Kamati nayo bado ipo, na pilau inapikwa.

Hadithi yangu naiacha hapohapo kilimani. Aliyeipenda aibebe. Na wewe wa huko nyuma unayenitilia shaka, kachimbe uone.