Shati la Kalume

Mtu akiumwa hutazama mbali. Hulaumu jua, hulaumu mvua, humlaumu hata jirani, kumbe kinachomuuma analala nacho kitanda kimoja. Wahenga waliliona hilo zamani wakalitolea methali, na Bi Pola wa Malindi alikuja kuijua methali hiyo kwa kifua chake mwenyewe.

Bi Pola alikuwa mjane. Miaka mingi alikaanga mihogo kwa kuni, na moshi ukamwachia maradhi ya mapafu yasiyopona. Bintiye Kanze akamnunulia jiko la gesi, naye akajifunza kuishi na ugonjwa wake. Alikwenda sokoni mapema kabla jua halijakaza, akapumzika kila penye kibaraza, akavuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo aliyoibana kama apozaye uji.

Lakini masika yalipoingia, hewa ikawa nzito kama blanketi lililorowa. Kuta zilitoa jasho, nguo zikaota ukungu kabatini. Bi Pola akabanwa kila siku, kipulizio cha dawa hakimtoki mkononi.

"Nyumbani kuna moshi, mama?" aliuliza Fridah, muuguzi wa zahanati.

"Moshi wa wapi, mwanangu? Napikia gesi."

Basi lawama zote zikauangukia unyevu. Kanze, aliyeolewa Voi, akaja kumchukua.

"Twende, mama. Kwetu kukavu."

"Voi nikafanye nini, nikachunge ndovu?"

"Ndovu hawatakuua. Hewa hii itakuua."

Kalume, marehemu mume wa Bi Pola, alilala Ganda, si mbali na hapo. Akienda Voi, nani atalifagia kaburi lile kila Ijumaa? Hata hivyo akakubali, maana mwenye pumzi fupi hana maneno marefu.

Siku ya kufunga mizigo, mvua ilikuwa imekatika. Upepo mkavu ulipita tangu dirishani hadi uani, hata Kanze akausifu. Bi Pola aliingia chumbani kuchukua nguo, akaurudisha mlango. Punde Kanze akasikia kikohozi, kisha kikawa kama mluzi. Alimkuta mamake sakafuni, uso ameuzika ndani ya shati jeupe la kiume. Kando yake palikuwa na tenga la kufukizia nguo, chini yake chetezo, na udi ukifuka.

Kanze alimkokota hadi barazani, akampulizia dawa. Pumzi iliporudi, akauliza, "Mama, leo hewa kavu. Umebanwa na nini?"

"Nguo zimevunda. Nazifukiza kila siku tangu masika yaanze." Akatweta, akaendelea. "Na shati la babako. Alikuwa akirudi na lori ananuka dizeli, haingii chumbani mpaka nimfukizie nguo. Nikitia uso humo, Kanze, yuko."

"Mbona hukumwambia muuguzi?"

"Aliuliza moshi. Udi ni moshi?"

"Mama!"

"Moshi ni wa kuni. Udi ni harufu."

Kanze alitaka kumgombeza, akashindwa. Akakichukua chetezo akampelekea jirani, na safari wakaiweka kando waone kwanza. Kabati likasogezwa mbali na ukuta, madirisha yakaachwa wazi, nguo zikaanikwa penye upepo. Mvua zilirudi, na unyevu ulimbana bado, ila sasa aliumudu. Kanze akarudi Voi peke yake. Ijumaa Bi Pola akaenda Ganda na ufagio wake, pole pole.

Shati lilikaa kambani pamoja na nguo nyingine. Kila jioni alilinusa, na kila jioni Kalume alipungua, mpaka siku moja likanukia jua tu, kama shati la mtu yeyote. Bi Pola akalikunja, akaliweka chini ya mto. Alivuta pumzi, ikaingia hadi chini bila kukwama. Angeitoa nusu ya pumzi ile apate harufu kidogo tu ya mumewe. Lakini hakwenda kwa jirani kukidai chetezo, kwa kuwa alikwisha kukijua kilichokuwa kikimmaliza. Kikulacho ki nguoni mwako.