Perere Ampima Nyani Sanda

Hapo zamani za kale, miti ilipokuwa ikinyolewa kama watu wanavyonyolewa nywele, Nyani alikuwa mpogoaji wa matawi. Mtani wake alikuwa Perere, mnyama mdogo aishiye kwenye tundu la mti. Watani, wanangu, hutukanana bila kugombana, na mmoja akifa, mwenzake ndiye humchimbia kaburi.

Asubuhi moja ukungu ulijaa msituni hata ardhi isionekane. Majani yalishuka polepole, kana kwamba hayana haja ya kufika. Nyani alikuwa juu ya mvule, panga mkononi. Pwa! Pwa!

Perere alimtazama kwa hofu kutoka mlangoni pa tundu lake. Masika yaliyopita kaka yake Nyani alianguka kutoka mti kama huo. Perere alichimba peke yake, siku nzima. Hakutaka kuchimba tena.

"Mtani, jifunge kamba!"

"Kamba? Kwani mimi mbuzi?" Nyani akacheka. "Nina mikono minne, we kijipanya!"

Perere akatwaa kamba. Kisha akapanda, kamba begani, uso ameukunja kama yuko msibani.

"Haya, umekuja kunililia?"

"Nimekuja kukupima sanda. Kitambi hicho kitamaliza duka zima. Nyoosha mikono!"

Nyani alicheka mpaka tawi likatikisika. Lakini kazi ya mtani haikataliwi. Akanyoosha mikono. Perere akamzungushia kamba kiunoni, mara mbili, akakaza fundo.

"Aa! Mbona wanibana?"

"Maiti halalamiki."

"Na ncha hii je?"

"Naifunga kwenye shina, nipime mpaka chini, nijue utaangukia wapi. Sina nguvu za kukuburuta, mzito we!"

"Pima, mchimbaji, pima!" Nyani akainua panga.

Pwa! Kraaa!

Tawi alilolikanyaga likakatika. Likaenda, na panga likaenda, na Nyani akaenda. Ukungu ukafunga. Perere akafumba macho.

Twaa! Kamba ikakaza.

Perere akafumbua macho. Kisha sauti ikatoka ndani ya ukungu, ikibembea taratibu, huku na huko.

"Mtani."

"Naam."

"Mbavu zinaniuma. Na umekosea kipimo. Kamba ni fupi, haifiki kaburini."

"Ndicho kipimo nilichokitaka," akasema Perere, na machozi yakamtoka.

Hadithi naiacha hapo, ikining'inia, na funzo lake ni moja: mwenye kupanda juu ajifunge kamba, kwani nguvu hazimdaki anayeanguka.