Kwa Nini Ibada ya Ndolwe Huanza na Moshi

Tegeni masikio, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Mnaona sisi wa Ndolwe tunavyosimama mlangoni mwa kanisa kabla ya ibada, tukikodolea macho bondeni kama watu waliopotelewa na mbuzi? Wageni hutucheka. Wacheke tu, hawajui tulikotoka.

Enzi zile, huku milimani Upare, mtu akishatoka kwake kwenda ibadani hakufungua kinywa. Hakuamkia, hakuitika, hakugeuza shingo. Walisema maneno ya njiani yanachafua sala. Na hakuna aliyeishika desturi hiyo kama Eliamani, mzee wa kanisa. Hata ajikwae vipi, hakuguna.

Njia yake ilipita juu ya nyumba ya Nakiete, mjane asiye na mtoto. Kila asubuhi moshi ulipenya kwenye nyasi za paa lake, naye Eliamani akapita zake.

Mwaka mmoja wa masika mabaya, ukungu haufunguki, kanisa likatangaza juma zima la maombi. Jumatano Eliamani akapita, hakuna moshi. Akajiambia, nitateremka nikitoka. Alipotoka kukawa na kikao cha wazee, kisha mvua, akasahau. Mtu mzima na ndevu zake, akasahau! Alhamisi tena hakuna moshi, na safari hii akasikia kitu kikigongwa mle ndani, ko, ko, ko, mwiko kwenye chungu. Miguu ikasita. Aliogopa kuiharibu sala yake. Akapita. Kanisani siku hiyo aliwaombea wajane kwa sauti nzito, hata watu wakatokwa na machozi.

Ijumaa hakusikia kitu. Kimya hicho ndicho kilichomshinda. Akateremka mbio huku akiita, "Hodi! Mama Nakiete, hodi!" Alimkuta kando ya mafiga, mguu umevunjika, majivu yamepoa, mwiko bado mkononi. Alikuwa ameshakufa.

Walipotoka kuzika, mkewe Nietiwe akamwuliza taratibu, "Baba Mbonea, siku zote hizo unapita pale, hukusikia chochote?"

"Nilisikia, mke wangu," akasema. "Lakini nilikuwa nakwenda kusali."

Nietiwe akajifunika kanga usoni.

Jumapili Eliamani aliwahi mlangoni mwa kanisa, akawazuia watu wasiingie. "Nani kati yenu ameuona moshi wa jirani yake leo?" Wakatazamana. Wote walikuwa wamekuja wameinamisha vichwa, wachamungu watupu! Akawageuza waangalie bondeni, kila mmoja ataje nyumba anayoiona ikifuka. Hapakuimbwa wimbo mpaka nyumba ya mwisho ilipotajwa. Yeye mwenyewe akamalizia kwa kutaja ya Nakiete, isiyofuka tena.

Tangu Jumapili hiyo, njiani tunaamkiana mpaka tunachoka, na mlangoni tunatajiana moshi. Nyumba isipofuka tunateremka wote, mchungaji na joho lake, ibada itangoja. Na wa mwisho kusema huwa mtu wa ukoo wa Eliamani. Mwaka huu ni yule binti anayekaa karibu na kinanda, mmemsikia leo.

"Moshi wa Nakiete hatukuuona."

Halafu ndipo tunaingia.